Taswira za setilaiti zisomwe kabla ya katapila kuingia

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Ninachokipigania ni kimoja: kila mradi wa barabara, reli, bomba, bandari au shamba kubwa unaofanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira uanze na usomaji wa taswira za setilaiti na picha za zamani za anga kwa ajili ya mambo ya kale, na usomaji huo ufanywe kitaalamu, si kwa kubandika ramani moja ya rangi nyuma ya ripoti. Sheria ya Mambo ya Kale tunayo tangu 1964 na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira tangu 2004. Wenzetu wa Kenya wana Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006. Kwa hiyo mlango wa kisheria upo. Kazi yenyewe ndiyo inayohitaji kuelezwa, kwa sababu wapo wanaodhani setilaiti inaona kila kilichofukiwa, na wapo wanaodhani haifai kitu katika nchi yenye vichaka na mawingu. Wote wanakosea, na makosa yao yanatugharimu mahame na makaburi ambayo hayajawahi kuandikwa popote.

Nianze na hesabu ya miguu. Mtafiti anayetafuta vigae na misingi ya mawe hutembea kwa mistari. Mistari ikiachana mita 10, kilomita moja ya mraba inadai mistari 100 ya kilomita moja moja, yaani kilomita 100 za kutembea. Bomba la mafuta kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443. Ukanda wa kilomita moja kila upande wa bomba la urefu huo ni karibu kilomita za mraba 2,900. Hakuna kikosi kitakachotembea eneo la ukubwa huo lote kwa mistari ya mita 10. Lazima mtu achague pa kutembea, na taswira zinampa sababu ya kuchagua. Asipokuwa nazo atachagua palipo karibu na barabara, kwa kuwa gari linafika.

Mfano mzuri kuliko yote tulionao ni Engaruka, wilayani Monduli, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Kuanzia karibu karne ya 15 hadi ya 18 wakulima wa pale walimwagilia mashamba yapatayo hekta 2,000 kwa maji ya mito inayoshuka kutoka nyanda za juu za Ngorongoro. Vitalu vilizungushiwa mistari ya mawe, mifereji ikapita katikati yake, na vijiji saba vikakaa juu ya majukwaa ya mawe kwenye mteremko. Louis Leakey alifika 1935, Hamo Sassoon alichimba miaka ya 1960, na John Sutton akafuata kwa uchunguzi mrefu wa mashamba. Ukisimama katikati ya vitalu hivyo unaona mawe tu. Mstari unakatika kila baada ya hatua chache, mgunga umekuzuia, na huwezi kujua kama ulipokanyaga ni ukingo wa shamba, sakafu ya mfereji au lundo la mawe yaliyoondolewa shambani. Taswira yenye pikseli (kile kimraba kidogo kabisa cha picha) ya nusu mita ardhini, iliyopigwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba nyasi zikiwa zimekauka, inaunganisha vipande hivyo. Unaona mfereji ukifuata usawa wa mlima, unaona matawi yake, unaona mahali vitalu vilipobadilisha mwelekeo kwa sababu mteremko umebadilika. Unaona pia mashamba ya leo ya Engaruka yakitumia maji ya mto huohuo na kuyala yale ya zamani pembezoni.

Lakini ni Engaruka hiyohiyo inayofundisha mpaka wa setilaiti. Uchimbaji wa miaka ya karibuni ulionyesha kuwa sehemu ya vitalu ilijengwa kwa makusudi kunasa tope lililoletwa na mafuriko, ukuta ukiongezwa kadiri udongo ulivyopanda. Hilo halionekani kutoka angani. Taswira itakuambia kitalu kipo na kina umbo gani. Kilijengwaje, kililimwa nini na kiliachwa lini, ni mtaro wa uchimbaji, chembechembe za mimea na kipimo cha kaboni ndivyo vitakavyosema. Mshauri elekezi anayeandika umri wa hame kwa kutazama picha pekee arudishiwe ripoti yake.

Sasa suala la pikseli, kwa maana ndipo fedha nyingi zinapopotea. Taswira za bure za Sentinel-2, setilaiti za Ulaya, zinazopatikana tangu 2015, zina pikseli ya mita 10 kwa rangi ya buluu, kijani, nyekundu na infraredi-karibu (mwanga usioonekana kwa jicho), na mita 20 kwa bendi, yaani aina za mwanga, nyingine nyingi. Landsat, za Marekani, zina mita 30. Ili utambue umbo la kitu unahitaji angalau pikseli tatu au nne kukatiza upana wake. Nyumba ya mawe ya mji wa kale wa pwani haifikishi hizo kwenye Sentinel. Mstari wa mawe wa Engaruka usiofika hata mita moja ndio haufikiriki kabisa. Boma la mawe kama la Thimlich Ohinga, kaunti ya Migori, ambalo kuta zake zina kimo cha mita 1.5 hadi 4.5, utaliona kama duara hafifu kwenye Sentinel iwapo kichaka kimepungua, na utaliona vizuri kwenye taswira ya nusu mita. Kitu kirefu chembamba, kama mfereji au njia ya kale, huweza kujionyesha hata kikiwa chembamba kuliko pikseli, mradi rangi yake iachane sana na ya jirani. Huo si uhakika wa kujengea bajeti.

Sentinel inang'aa kwenye mabaka mapana. Mwaka 2018 watafiti walichapisha uchunguzi wa mazizi ya wafugaji wa kale kaunti ya Narok, yenye umri wa kati ya miaka 1,550 na 3,700. Samadi ya ng'ombe, mbuzi na kondoo iliacha rutuba ambayo haijaisha hadi leo, na pale palipokuwa na zizi pamebaki uwanda wa nyasi nzuri wenye kipenyo cha kama mita 100, usio na miti. Mita 100 ni pikseli 10 za Sentinel. Baka kama hilo hulioni ukiwa ndani yake, kwa sababu unaona nyasi tu.

Kipimo kinachotumika zaidi hapo ni faharasa ya uoto, ile NDVI: chukua infraredi-karibu, toa nyekundu, gawanya kwa jumla ya zote mbili. Nyasi zenye afya zikirudisha asilimia 40 ya infraredi na asilimia 8 ya nyekundu, jibu ni 0.67. Nyasi zilizo juu ya ukuta uliofukiwa, zenye kina kidogo cha udongo na zinazokauka mapema, zikirudisha 28 na 14, jibu ni 0.33. Tofauti hiyo ndiyo unayoiwinda, na hudumu kwa wiki chache tu. Masika yakiwa katikati kila kitu ni kijani na hakuna tofauti. Kiangazi kikikomaa kila kitu kimekauka na tofauti imetoweka. Kwa maeneo mengi ya kaskazini na pwani dirisha zuri ni kati ya mwanzo wa Juni na katikati ya Julai, pale ardhi inapoanza kukosa maji lakini mimea haijakata tamaa. Kwa mawe yaliyo wazi juu ya ardhi ni kinyume: subiri mwisho wa kiangazi, au afadhali zaidi tafuta tarehe iliyofuata moto wa nyika, maana moto ukishapita mawe hubaki meupe juu ya majivu meusi hadi majani yachipue.

Kuna mtego mmoja wa kiufundi ambao umeharibu ulinganisho mwingi wa miaka. Tangu 25 Januari 2022 namba zilizo ndani ya faili za Sentinel-2 zimeongezewa 1,000, na mtumiaji anatakiwa kuitoa kabla ya kugawanya kwa 10,000. Asipoitoa, mfano wetu wa juu, wenye namba 5,000 na 1,800 kwenye faili, utampa 0.47 badala ya 0.67. Mtu huyo akilinganisha 2021 na 2023 ataandika kwamba uoto umepungua theluthi moja, kumbe hakuna jani lililopungua. Kumbukumbu za zamani zilizochakatwa upya nazo zimewekewa nyongeza hiyo, kwa hiyo kuangalia mwaka hakutoshi; lazima kufungua faili la maelezo linaloambatana na taswira na kusoma toleo la uchakataji.

Mwelekeo wa jua nao usipuuzwe. Sentinel-2 hupita karibu saa nne na nusu asubuhi kwa saa ya jua. Sisi tulio karibu na ikweta jua letu la Juni liko kaskazini na la Desemba liko kusini. Taswira ya Desemba basi inamulikwa kutoka upande wa chini wa ramani, na jicho la binadamu, lililozoea mwanga kutoka juu, hugeuza mambo: tuta linaonekana mtaro na mtaro tuta. Dawa yake ni kuigeuza picha juu chini na kuitazama tena, au kununua tarehe mbili, ya Juni na ya Desemba. Tarehe mbili zina faida nyingine, kwani ukuta unaokwenda sambamba na miale ya jua hautoi kivuli na hupotea kabisa kwenye tarehe moja.

Pwani mambo yanabadilika. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyo kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981, yanafahamika. Wasiofahamika ni watu wengi waliokaa katika nyumba za miti na udongo kuzunguka nyumba za mawe. Nyumba hizo hazikuacha ukuta, na setilaiti hazizioni. Huko Songo Mnara ilibidi kupima ardhi kwa vifaa vya sumaku vinavyobebwa mkononi na kuchimba nafasi zilizodhaniwa kuwa tupu. Kinachoweza kusaidia kutoka juu ni miti. Mibuyu mikubwa husimama kwenye mahame mengi ya pwani, na kwa kuwa hupukutisha majani wakati wa kiangazi huku miembe na minazi ikibaki kijani, ulinganisho wa Septemba na Aprili huichomoa mibuyu mmoja mmoja ikiwa shada lake linafika mita 10 na zaidi. Mbuyu si ushahidi wa mji. Ni sababu ya kwenda kutazama chini yake kama kuna vigae, chaza na vipande vya matumbawe yaliyochongwa.

Kwa ufuo unaomomonyoka, kama ilivyo sehemu za Kilwa, Landsat zina rekodi tangu 1972 na zote ni bure tangu 2008. Hapa kosa la kawaida ni kusahau maji kupwa na maji kujaa. Wakati wa bamvua kina cha bahari yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Kwenye ufuo tambarare hiyo ni mamia ya mita za mchanga zinazofunikwa na kufunuliwa kwa siku moja. Mtu akichukua taswira ya maji kupwa ya 1990 na ya maji kujaa ya 2020 ataandika kuwa bahari imemeza kijiji. Kabla ya kulinganisha, tafuta jedwali la maji la siku na saa ya kila taswira, kisha chagua zinazolingana. Na mstari wa kupima usiwe ukingo wa maji. Pima ukingo wa mikoko au wa majani ya nchi kavu, usiotegemea saa.

Chanzo ambacho naona tunakidharau sana ni picha za zamani. Mwaka 1995 Marekani iliziondolea usiri picha zaidi ya 860,000 za setilaiti za kijasusi, zikiwemo za CORONA za 1960 hadi 1972, na baadaye, 2002 na 2011, zikafuata za HEXAGON. Bora za CORONA zinaonyesha kitu cha mita 2. Uzuri wake ni tarehe: zinaonyesha ardhi kabla ya Operesheni Vijiji, kabla ya mabwawa, kabla miji haijafika ilipo leo. Orodha yake hutafutwa bure kwenye tovuti ya idara ya jiolojia ya Marekani, zilizokwisha kupigwa skani hupakuliwa bila malipo, na ambayo haijapigwa hulipiwa mara moja kisha huwa ya wote. Si kila wilaya yetu ilipigwa, na nyingine zilipigwa siku ya mawingu, kwa hiyo hatua ya kwanza ni kufungua kijipicha cha kila fremu kabla ya kulipa.

Filamu hizo zilipigwa kwa kamera inayozunguka, na ncha za ukanda zimevutika vibaya. Huwezi kuzibandika kwenye ramani kwa nukta nne za pembeni. Kata kipande unachokihitaji, weka nukta za udhibiti (mahali panapotambulika kwenye picha na kwenye ramani) 15 hadi 20 zilizotawanyika hadi kwenye kingo, na chagua vitu visivyohama: jabali, makutano ya vijito kwenye mwamba, kona ya msikiti au kanisa la zamani. Ukingo wa mchanga, njia panda ya vumbi na kona ya shamba havifai. Katika QGIS, programu ya ramani, wengi huchagua mageuzi ya aina ya bamba jembamba kwa sababu programu inawaonyesha kosa sifuri. Sifuri hiyo ni ya kimaumbile, kwani hesabu hiyo hulazimisha kila nukta kukaa mahali pake hata kama nukta yenyewe ni ya uongo. Weka kando nukta tano ambazo hukuzitumia, pima umbali kati ya zilipo kwenye picha na zilipo kweli, na andika kosa hilo kwenye ripoti.

Halafu kuna Arc 1960, mfumo wa majira, yaani wa namba zinazoonyesha mahali. Ramani zetu za skeli ya 1:50,000, za Tanzania na Kenya, zimechorwa kwa mfumo huo, ilhali GPS na setilaiti hutumia WGS84. Kati ya mifumo hiyo miwili kitu kilekile huachana takriban mita 300. Mtu anayesoma majira ya nukta kwenye ramani ya karatasi na kuyaingiza kwenye GPS bila kubadilisha mfumo atasimama kwenye shamba la jirani na kuandika kuwa gofu limetoweka. Kwa kanda ya 37 kusini ya UTM, gridi inayoigawa dunia kwa vipande vya longitudo, msimbo wa Arc 1960 ni 21037 na wa WGS84 ni 32737. Engaruka ina ubishi wake wa ziada, kwani iko karibu kabisa na longitudo 36, mpaka wa kanda ya 36 na ya 37. Timu mbili zinazofanya kazi bonde hilohilo zisipokubaliana kanda mapema, data zao zitaachana kwa mamia ya kilomita kwenye skrini. Hilo angalau mtu huliona mara moja. Mita 300 za Arc 1960 ndizo zinazopita kimya.

Rada nitaigusa tu. Mwaka 1981 rada iliyobebwa na chombo cha anga ilifichua mikondo ya mito ya kale chini ya mchanga wa Sahara, kusini mwa Misri na kaskazini mwa Sudan, na tangu hapo watu wamekuwa na matumaini makubwa mno. Ilipenya kwa sababu mchanga ule ni mkavu kabisa. Mfinyanzi wenye unyevu wa Rufiji hauruhusu jambo hilo.

Laida, ule upimaji wa ardhi kwa mapigo ya leza kutoka kwenye ndege au droni, ni habari nyingine. Katika vilima vya Suikerbosrand, kusini mwa Johannesburg, ilionyesha mji wa Watswana wa Kweneng wenye mamia ya maboma ya mawe, mahali ambapo picha za kawaida zilikuwa zimeonyesha sehemu tu kwa sababu ya vichaka. Kwetu ingefaa sana kwenye msitu unaofunika magofu ya Gedi, Kenya, na kwenye mapori ya pwani. Lakini anayeagiza aandike anachotaka. Chini ya msitu mapigo machache tu hufika ardhini, hivyo mapigo mawili au matatu kwa mita ya mraba, yanayotosha kwa mhandisi wa barabara, hayatoshi kwa ukuta wa nusu mita. Omba 8 au zaidi. Omba pia wingu lote la nukta, yaani kila nukta iliyopimwa na leza, si ramani ya kimo iliyokwisha kusafishwa, kwa sababu programu za kusafisha hufuta kuta fupi zikidhani ni vichaka au nyumba, na ukishapewa ramani iliyosafishwa huna pa kuzirudishia. Na usitazame kivuli cha kompyuta chenye mwanga wa upande mmoja. Tengeneza vya pande nane au zaidi.

Droni ndiyo njia ya kati. Zanzibar, kuanzia 2016, Kamisheni ya Ardhi na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walishiriki kuipiga picha Unguja na Pemba kwa droni ndogo, vijana wa hapohapo wakiwa marubani. Kwa eneo la hekta 20 au 50, safari moja ya droni ikiwa mita 80 hadi 100 juu, picha zikipandana asilimia 80 mbele na 70 pembeni, hutoa pikseli ya sentimita 2 au 3. Minazi na nyasi ndefu hucheza na upepo na kuvuruga uunganishaji, kwa hiyo ruka alfajiri upepo ukiwa umetulia. Kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga kiombwe mapema, na serikali ya kijiji ipewe taarifa kabla chombo hakijaonekana juu ya paa za watu.

Sasa nifike kwenye viini macho, maana hapa msomaji mgeni wa mandhari yetu huanguka. Duara jeusi la mita 5 hadi 10 kwenye miombo mara nyingi ni tanuri la mkaa lililokwisha kazi. Mabaka ya kijani yaliyopangika kwa umbali unaokaribiana ni vichuguu, ambavyo udongo wake una rutuba na maji kuliko jirani. Duara kubwa lililopauka kwenye mbuga ya Umasaini laweza kuwa boma lililohamwa miaka 20 iliyopita, si la kale. Mistari iliyonyooka kwa mamia ya mita Tanga na Morogoro ni mkonge. Matuta ya Uluguru yanaweza kuwa ya kampeni ya kikoloni ya miaka ya 1950, ile iliyozua ghasia za 1955. Safu ya miembe porini inaweza kuwa njia ya misafara ya Bagamoyo hadi Ujiji, na inaweza kuwa kijiji kilichohamishwa 1974. Hili la mwisho lisiachwe kwa kuwa si la kale sana. Kuna makaburi ya watu pale na wajukuu wao wako hai. Wazee wa eneo huondoa nusu ya viini macho hivi kwa mazungumzo ya jioni moja, na ripoti isiyoonyesha kuwa wamehojiwa ni ripoti nusu.

Baada ya kusoma ndipo miguu inarudi. Wengi huenda tu kwenye nukta walizozishuku, wanakuta vitu, wanafurahi. Hawajui walichokikosa. Njia sahihi ni kuchagua nukta zilizoshukiwa na idadi ileile ya nukta za bahati nasibu ambako taswira haikuonyesha kitu, kisha kuzitembelea zote kwa utaratibu mmoja na fomu moja. Tuseme nukta 50 zilizoshukiwa zina mabaki 20, na 50 za bahati nasibu zina mabaki 2. Taswira imesaidia, na umeweza kusema kiasi gani. Zikiwa 20 na 15, taswira haikukusaidia karibu chochote, na njia nzima ya mradi inadai kutembelewa. Matokeo ya pili si aibu. Pwani, kwenye makazi ya udongo, ndiyo ya kutarajiwa. Wanaotumia kompyuta iliyofundishwa kutambua mabaki yenyewe wanapaswa kutoa hesabu hiyohiyo, maana kompyuta iliyofundishwa kwa picha za nchi nyingine itaviita vichuguu vyetu vyote makaburi.

Hadidu za rejea za tathmini basi ziseme wazi. Ukanda wa kusomwa uwe kilomita moja kila upande wa mradi. Taswira za bure za misimu miwili kwa miaka isiyopungua mitatu. Taswira moja ya pikseli ya nusu mita kwa maeneo yaliyoshukiwa. Wauzaji wengi huweka kiwango cha chini cha ununuzi, kwa kawaida kilomita za mraba 25, kwa hiyo maeneo yaliyo karibu yaagizwe pamoja. Picha ya zamani angalau moja kwa kila sehemu inapopatikana. Faili zikabidhiwe Idara ya Mambo ya Kale zikiwa na mfumo wa majira ulioandikwa, si picha iliyobanwa ndani ya ripoti isiyoweza kupimwa. Na haya yote yakamilike kabla njia ya mradi haijafungwa kwenye zabuni, kwani kusogeza bomba mita 200 kwenye mchoro ni kazi ya siku moja ofisini, na kulisogeza mitaro ikiwa imechimbwa hakuna mkandarasi atakayekubali.

Majira kamili ya nukta yasiwekwe kwenye nakala ya ripoti inayosomwa na umma. Wapo wanaochimba mahame na makaburi usiku wakitafuta mali ya Mjerumani, na orodha ya nukta zenye usahihi wa mita 5 ni zawadi kwao. Nakala ya umma itaje kata au mraba wa kilomita 5. Nakala kamili ibaki Idara na ofisi ya wilaya. Taswira zenyewe zaweza kusaidia ulinzi, kwa kuwa shimo la mita 2 linaonekana kwenye pikseli ya nusu mita. Huko Apamea, Syria, taswira za kabla na baada ya 2011 zilionyesha mashimo ya waporaji kwa maelfu.

La mwisho ni picha za anga zilizopigwa na Waingereza kuanzia miaka ya 1940 ili kutengenezea ramani zetu. Ziko kwenye karatasi na filamu, na filamu za zamani huoza zikiwekwa chumba cha joto na unyevu. Picha ya skeli ya 1:40,000 ikipigwa skani kwa nukta 1,200 kwa inchi hutoa pikseli ya sentimita 85 ardhini. Kwa 2,400 ni sentimita 42, bora kuliko CORONA yoyote. Kwa kuwa picha hizo hupandana asilimia 60, jozi yake hutoa pia kimo cha ardhi ilivyokuwa miaka 70 iliyopita. Skana ya kawaida ya ofisi haifai, hupinda picha. Inatakiwa iliyopimwa usahihi wake, na mtu wa kuandika namba ya safari ya ndege, ya fremu na tarehe kwa kila faili. Ningeomba kazi hiyo ianze na Monduli, kwa sababu ya magadi soda ya bonde la Engaruka, na Lindi, kwa sababu ya kiwanda cha gesi kilichopangwa kujengwa huko, kisha Kilwa na Pangani.

Mtafiti wa mambo ya kale,
Arusha